Kilo za Mpishi, Figo ya Kinyozi

Saa nne asubuhi, jiko la kantini ya kiwanda cha magodoro limejaa mvuke hadi kuta zinatoka jasho. Sufuria nne ziko motoni, kila moja ingemmeza mtoto wa darasa la kwanza akabaki na nafasi ya kucheza. Mpishi mkuu anafunua ya kwanza kwa ncha ya aproni, anachovya kijiko cha chai, anapuliza, anaonja. Kijiko kinatumbukizwa kwenye beseni.

"Chumvi bado," anasema.

"Bado ya kiganja au ya vidole?" anauliza mama anayeosha vyombo nyuma yake.

"Ya vidole. Tena vyako, Shangazi. Vyangu vinene."

"Vilikuwa vinene. Sasa hivi pete yako tutakuja kuiokota kwenye maharage."

Wote wawili wanacheka. Mpishi anahamia sufuria ya pili, na kijiko kingine kisafi.

Wafanyakazi wa kiwanda hiki wanamwita Mama Upawa. Wamemwita hivyo tangu alipoanza kazi hapa, miaka kumi na minne iliyopita, kwa sababu wakati huo alikuwa haonji kwa kijiko. Alikuwa anateka kwa upawa mrefu, anamimina kiganjani, analamba, anatingisha kichwa, anateka tena. Watu mia tatu walikula kutokana na kiganja kile na hakuna aliyewahi kulalamika.

Ana miaka arobaini na mitatu, mume, na watoto wawili wanaosoma. Mshahara wake ni wa wapishi wa viwandani: unalipa kodi, unalipa ada, na ukifika mwisho wa mwezi unakohoa. Si hilo linalomkosesha usingizi. Linalomkosesha usingizi ni mdogo wake wa kiume.

Mdogo wake ni kinyozi. Miaka mitatu iliyopita miguu yake ilianza kuvimba, akadhani ni ya kusimama mchana kutwa. Ikavimba na uso. Alipofika hospitali aliambiwa figo zake zote mbili zimechoka, na tangu siku hiyo analazwa kwenye kiti mara mbili kwa wiki, mashine ikimsafishia damu. Siku zilizobaki ananyoa akiwa ameketi kwenye stuli ndefu, na wateja wake wamezoea kuinamisha vichwa kumfuata.

"Wananiita bosi," anasema kinyozi. "Eti kinyozi gani huyu anakaa, mteja ndiye anazunguka."

Dada mtu hakungoja kuombwa. Alikwenda kupima, na majibu yakasema damu yake na ya mdogo wake zinaelewana. Akarudi nyumbani akiwa na furaha ya mtu aliyepata kazi. Furaha hiyo haikufika mwisho wa wiki, maana daktari alimwita tena.

"Figo zako ni nzuri, mama," daktari alimwambia. "Uzito wako ndio haunipi ruhusa."

"Si mnataka figo? Chukueni figo, uzito niachieni mwenyewe."

Daktari alicheka, ila hakulegea. Alimweleza kwamba mtu mwenye mwili mkubwa kiasi kile yuko hatarini zaidi akiwa juu ya kitanda cha upasuaji, na kwamba anayebaki na figo moja hapaswi kuitwisha shinikizo la damu na sukari, magonjwa yanayopenda kufuatana na unene. "Siwezi kumponya mmoja kwa kumuumiza mwingine," alisema.

Siku hiyo alikuwa na kilo tisini na sita. Kwa kimo chake, ambacho si kirefu, alitakiwa ashuke chini ya sabini na saba. Kisha likaja sharti ambalo hakulitilia maanani wakati ule: akishashuka, akae hapo hapo miezi sita bila kupanda.

"Nikajiambia kushuka ndiyo kazi," anasema Mama Upawa. "Kukaa? Nani anashindwa kukaa?"

Akaanza kama wengi wanavyoanza, kwa kujinyima. Asubuhi alikunywa chai kavu. Mchana aliruka mlo. Usiku aliwapakulia mumewe na watoto, yeye akanywa maji na kwenda kulala huku tumbo likimsemesha. Kila Jumatatu alikwenda stoo kupanda mizani kubwa ya kupimia marobota ya mabaki ya sponji, kwa kuwa hakuna mizani nyingine kiwandani. Mtunza stoo hakumwacha apite hivi hivi.

"Jamani, robota limeingia bila hati!" alikuwa akipaza sauti. "Tuliandike la daraja gani?"

"Andika la kwanza," alimjibu. "Halafu soma namba, acha mdomo."

Namba ilikuwa ile ile. Wiki ya pili, ile ile. Wiki ya nne ilipungua nusu kilo, na ya tano ikarudi. Akaigombeza mizani, akasema imezoea magodoro, haijui watu. Akaapa mbele ya kila mtu kwamba yeye hali. Na hakuwa akisema uongo, kwa jinsi alivyojua.

Aliyelifumbua fumbo hilo ni Shangazi. Shangazi si shangazi wa mtu yeyote pale kiwandani. Ni mama wa makamo mwenye maneno machache na mikono iliyonyauka kwa sabuni. Siku moja aliweka bakuli tupu chini ya karo bila kusema kitu. Kila mpishi alipoonja mchuzi, Shangazi aliteka mchuzi kiasi hicho hicho akaumwaga kwenye bakuli. Mpishi alipochukua kipande cha nyama kuona kama imeiva, naye alichukua kipande. Kiazi, kiazi. Na mpishi alipoinama mwishoni kukwangua ukoko wa wali na kuutafuna akiwa amesimama, kama alivyofanya kila siku kwa kuwa ukoko hautupwi, Shangazi naye alikwangua sehemu yake.

Mchana, watu walipokwisha kula, alileta beseni. Bakuli lilikuwa limejaa zamani, amehamia kwenye beseni.

"Karibu chakula," alimwambia.

"Cha nani hiki chote?"

"Chako."

"Mimi leo sili, Shangazi. Unajua."

"Najua huli. Hiki umeshakila. Haba na haba, mwanangu."

Mama Upawa anasema alilitazama lile beseni mpaka mafuta yakaganda juu yake. Zilikuwa sahani tatu za mtu mzima, na ziada ya kufungashia. Kwa miaka kumi na ushee alikuwa akila chakula cha mchana cha watu watatu huku akiamini anashinda njaa, kwa sababu hakuwahi kuketi na hakuwahi kushika sahani. Kwake yeye kula kulikuwa ni kuketi. Kuonja kulikuwa ni kazi.

"Mpishi ukimuuliza umekula, atakwambia sijatia kitu kinywani tangu asubuhi," anasema. "Na hakudanganyi. Mdomo wake ndio unaomdanganya yeye."

Kesho yake aliacha kuonja kabisa. Hilo nalo lilikuwa kosa. Siku ya kwanza maharage yalitoka kama yamechemshwa baharini. Siku ya pili mchuzi haukuwa na chumvi hata ya kudanganyia. Siku ya tatu wanaume wa kitengo cha kukata sponji, vichwa vyao vyeupe kwa vumbi, waligonga vijiko mezani, na mmoja akauliza kwa sauti kama mpishi amegombana na mumewe.

Msimamizi wa kantini alimwita pembeni. Alimwambia kwa heshima kwamba shida zake anazielewa, lakini watu mia tatu hawawezi kufunga kwa ajili ya mtu mmoja.

Hapo ndipo kilipozaliwa kijiko cha chai. Anaonja kila sufuria mara mbili: mchuzi ukishaungwa, na kabla ya kuepua. Nyama anaipima kwa uma na vidole. Ukoko anamwachia Shangazi, ambaye ana kuku nyumbani. Na saa saba mchana, jambo ambalo wafanyakazi walilishangaa kuliko yote, Mama Upawa anapakua sahani yake, mboga nusu, maharage, wali wa kiasi cha ngumi, anavua aproni, anaketi mezani kama mteja na kula taratibu. Jioni anakula tena na watoto wake. Anarudi nyumbani kwa miguu, njia ya kuzunguka.

Kilo zilianza kuondoka. Hazikukimbia. Bandu bandu, kama gogo. Wiki nyingine hazikuondoka kabisa na wiki nyingine mtunza stoo alisoma namba akasahau hata kutania. Ulipotimia mwaka na miezi miwili, mizani ilisema sabini na sita.

Akadhani amemaliza. Kumbe vita vilikuwa vinaanza, tena na watu wanaompenda.

Mtu akinenepa, majirani husema amependeza. Akipungua, hunong'ona. Mwanamke wa nyumba ya pili alimshika mkono bombani akamuuliza kwa sauti ya msibani kama ameshapima. Wengine walimgeukia mume, ambaye ni mlinzi wa zamu na mtu mpole.

"Walisema simlishi mke wangu," anasema mume. "Mimi! Mtu aliyeoa mpishi! Nikawaambia, jamani, mimi ndiye ninayelishwa."

Maneno yalimfikia mama yao, anayeishi mtaa wa tatu. Mama alikuja siku hiyo hiyo, akaketi, akamtazama binti yake toka utosini hadi kwenye viatu.

"Sema ukweli. Unaumwa nini?"

Ikabidi aambiwe. Mpaka wakati huo walikuwa wamemficha. Alijua mwanawe anaumwa, hakujua binti yake anataka kumgawia figo. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema neno ambalo Mama Upawa hulirudia kwa sauti ya chini.

"Mnataka niwalaze watoto wangu wawili chini ya kisu kimoja?"

Akasimama, akaondoka. Hakuaga.

Baada ya siku chache, kikaanza kuja chakula. Kila jioni mjukuu alileta sufuria kutoka kwa bibi: nyama ya mafuta, viazi vya kukaanga, wali uliong'aa. Mama Upawa alifurahi, akaona mama amelainika. Na chakula cha mama hakirudishwi. Alikula kidogo, akaongeza kidogo kwa heshima, akamalizia kilichobaki kwa kuwa mpishi hawezi kuona chakula kinamwagwa.

"Nilikuwa nimejifunza kujilinda na sufuria za kazini," anasema. "Ya mama sikuiwekea mlinzi."

Mwezi wa nne wa kile kipindi cha kungoja, alikwenda hospitali kupimwa. Sabini na tisa na nusu. Daktari hakumgombeza. Alisema tu kwamba hesabu inaanza upya.

Kwa mtu mzima mwenye afya, kilo tatu ni suruali kubana. Kwa kinyozi zilikuwa ni miezi mingine ya mashine. Wiki iliyofuata maji yalimjaa kifuani usiku akalazwa, akiwa anahema kama mtu aliyepanda ghorofa kumi. Dada yake alikaa kando ya kitanda, akashindwa kumtazama usoni.

"Dada, usijilaumu," kinyozi alimwambia kati ya pumzi na pumzi. "Hata mimi chakula cha mama kingenishinda."

Mama yao alikuwa amesimama mlangoni. Alisikia. Aliingia, akaketi kwenye ncha ya kitanda, akafunika uso kwa mtandio wake.

"Nilikipika makusudi," alisema.

Akaushusha mtandio.

"Nilitaka wakukatae," alimwambia binti yake. "Nilijiambia, nikibaki na mmoja mzima ni afadhali kuliko kuwapoteza wote. Nikaweka mafuta. Nikajua huwezi kunirudishia."

Mama Upawa anasema hasira ilimpanda mpaka masikio yakaziba. Alitoka nje, akazunguka jengo la hospitali, akazunguka tena. Aliporudi alimkuta mama yake anamkanda mwanawe miguu iliyovimba, akibonyeza kwa kidole gumba na kutazama shimo linavyochelewa kujaa.

"Mama ameona kwa macho yake," anasema. "Ningemwambia nini zaidi?"

Alimwambia jambo moja tu: asiache kuleta chakula, ila abadilishe anachopika. Mama akauliza apike vipi. Ikawa Jumapili baada ya Jumapili mpishi wa kiwanda yuko jikoni kwa mama yake, wanabishana juu ya mafuta.

"Hayo ni mafuta ya kupaka mlango, mama, si ya kupikia watu wanne."

"Nilikulea kwa mafuta haya."

"Ndiyo maana nilipimwa kwenye mizani ya magodoro."

Kilo zile tatu na ushee zilichukua wiki tisa kuondoka. Safari hii alizishusha akijua kinachofuata. Sasa anasema wazi kwamba kushuka kulimpa sifa, watu walimpongeza na nguo zikamlegea. Kukaa hakuna anayekupongeza. Ni kuamka leo na kufanya kama jana. Kuna siku za sherehe, siku za huzuni, siku mchuzi umetoka vizuri na upawa uko karibu. Akizidisha leo, kesho anarudi kwenye sahani yake bila kujitesa na bila kujinyima mchana kutwa, maana njaa ya kulazimisha ndiyo iliyokuwa ikimrudisha kwenye ukoko.

Si kila mtu anaweza kutoa figo, na si kila mwili unatii kwa mwendo mmoja. Daktari amemwambia hivyo, naye huwaambia wenzake wanaomjia kuuliza siri. Wanawake wa kitengo cha kushona foronya walimtaka awaandikie dawa. Aliwaambia waweke bakuli chini ya karo. Wawili waliweka. Mmoja hajamsemesha tangu siku hiyo.

Mwezi uliopita, miezi sita ikatimia. Alikwenda hospitali na mama yake, mumewe na kinyozi mwenyewe, msafara mzima kama wanaokwenda kuchumbia. Akavua viatu, akapanda. Sabini na tano. Muuguzi akamwambia ashuke, akapanda tena kwa hakika. Sabini na tano. Shinikizo la damu liko sawa, sukari iko sawa. Daktari akafungua kalenda, na upasuaji ukapangiwa wiki ya pili ya mwezi ujao.

Mama yao hakupiga vigelegele. Aliuliza kama wakati wa kisu wataruhusiwa kukaa mlangoni, na alipoambiwa kuna benchi, akasema benchi linatosha.

Hakuna mwenye uhakika wa kitakachotokea. Madaktari wamewaeleza kwamba mwili unaweza kuikataa figo ya mtu mwingine, hata ya ndugu, na kwamba kinyozi atameza dawa maisha yake yote. Msimamizi wa kantini amempa Mama Upawa likizo. Shangazi amekubali kusimamia sufuria, kwa sharti kwamba asiitwe Mama Kijiko.

Jana jioni, baada ya kazi, mpishi alipita kwenye kibanda cha mdogo wake. Kinyozi alikuwa ananyoa akiwa juu ya stuli yake, shuka jeupe limemfunika mteja hadi shingoni. Hakugeuka.

"Dada, nimewaza," alisema huku mashine ikiunguruma kwenye kisogo cha mteja. "Ukishanipa, umemaliza deni la udada. Hakuna atakayekupima tena. Siku hiyo hiyo ukitoka hospitali, kula upendavyo. Na upawa wako urudi."

Mteja alicheka. Kinyozi naye alicheka, akingoja jibu.

Mama Upawa alikuwa akifagia nywele zilizoanguka sakafuni, akizisogeza ukutani. Alisimama, akaegemea fagio.

"Wewe utakuwa na mbili mbovu na moja nzima," alisema. "Mimi nitabaki na moja tu. Hiyo nina mpango wa kuzeeka nayo."